Mafuriko Ndo Yanazaa Samaki wa Rufiji

Ikifika mwezi wa nne na Rufiji ikatajwa kwenye taarifa ya habari basi ujue ni mafuriko, utaonyeshwa nyumba zimezama mpaka madirishani, watu wamejitwisha magodoro, mahindi yanaozea shambani, na mimi sina nia kabisa ya kudharau hayo maana ndugu zangu wenyewe wamo humo humo. Ila kuna upande wa pili wa yale maji ambao hausemwi, na ndo huo nataka kuusema leo kwa kirefu. Kitoweo cha Rufiji kinatokana na mafuriko. Yule kambale mkavu unayeuziwa Ikwiriri barabarani, yule perege wa kukaangwa unayemkuta Utete, wote mwanzo wao ni maji yaliyopanda bondeni yakafunika majani. Mwaka ambao maji hayajapanda samaki wanakuwa haba na wadogo, na hilo halihitaji digrii, muulize mzee yeyote aliyekulia bondeni.

Kwa wasioujua mto wenyewe nieleze kidogo. Rufiji inaanza kuitwa Rufiji pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, karibu na maporomoko ya Shuguli, halafu Ruaha Mkuu unaingia chini yake kabla maji hayajabanwa kwenye lile korongo la Stiegler. Eneo lote linalomwagia maji kwenye mto huu ni kama kilometa za mraba 177,000, yani ukiichukua Tanzania bara moja ya tano yake ni ya Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji yote yanaletwa na Kilombero peke yake. Kwahiyo mvua ikipiga Udzungwa na Mahenge, sisi wa chini tunaweza kuwa na jua kali kabisa na bado mto unajaa. Wazee walikuwa wanasoma maji kwa rangi na kwa takataka zinazoelea, yakianza kuja mekundu yamebeba magugu na magogo wanajua huko juu kumeshanyesha, wanaanza kuhamisha vitu.

Baada ya korongo ndo kuna bonde, na bonde ndo Rufiji yenyewe ninayoijua mimi. Mto ukitoka kule kwenye mawe unakuta ardhi tambarare, unatulia, unapanuka, unapindapinda, na kila baada ya miaka unahama, unaacha mkondo wa zamani unatafuta mwingine. Ile mikondo iliyoachwa na yale mabonde ya pembeni ndo yamekuwa maziwa yetu. Zumbi, Ruwe, Mtanza, Uba, Lugongwe, hayo ni baadhi ya majina, na kule juu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kuna Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu ambayo watalii wanapelekwa na boti kuangalia mamba. Mgeni akipita kwenye Daraja la Mkapa, lile la karibu kilometa moja lililofunguliwa 2003, anaangalia mto chini anaona mchanga mwingi na maji kidogo upande mmoja, anajiuliza hao samaki wanakaa wapi. Hawakai hapo bwana. Kiangazi mtoni wanabaki wachache tu, wengi wako kwenye maziwa pembeni, huko ambako barabara ya lami haifiki.

Sasa samaki wanaingiaje ziwani? Kila ziwa lina mfereji wake, mwingine mpana unapitisha mtumbwi, mwingine ukiuona kiangazi unaweza kudhani ni njia ya ng'ombe. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano mto ukijaa, maji yanapita kwenye ile mifereji yanaingia ziwani, yakizidi yanavuka kingo kabisa na ziwa, mto na shamba vinakuwa kitu kimoja. Hapo ndo samaki wanatoka mtoni na maziwani wanapanda kwenye majani. Kambale haogopi maji mafupi, ana kiungo juu ya mashavu cha kuvutia hewa kwahiyo hata kwenye tope la kufika kifundoni anapita, usiku wa mvua kubwa utawasikia wanapigapiga mikia kwenye majani, wanataga mayai yananata kwenye nyasi zilizozama na ndani ya siku moja mbili yameshaanguliwa. Perege yeye ana utaratibu mwingine, dume linachimba kiota kwenye maji mafupi yaliyotulia, jike likishataga linayabeba mayai mdomoni mpaka vitoto vinaanguliwa, na hata baada ya hapo vikishtuka vinakimbilia mdomoni kwa mama. Wote hao wawili wanataka kitu kimoja: sehemu kubwa yenye maji mafupi, ya moto, yenye majani, wadudu na mbolea, ambako samaki wakubwa wanaokula vitoto hawafiki kirahisi. Sehemu hiyo ni bonde lililofurika, mtoni haipo.

Halafu maji yanashuka. Mwezi wa sita wa saba mifereji inakatika, ziwa linabaki peke yake na samaki ndani, na wanakua humo. Uvuvi wa kiangazi kizima unategemea ile miezi miwili mitatu ya maji, kilichoingia ndo kitavuliwa. Na yale mashamba maji yakishuka yanaacha tope jipya, watu wanapanda mahindi ya mlau humo humo kwenye unyevu bila kusubiri mvua. Kwahiyo mtu wa bondeni kwenye maji yale yale anapata ugali na mboga. Ndo maana mwaka 1968 yalipokuja mafuriko makubwa na serikali ikafanya Operesheni Rufiji ikawahamishia watu juu kwenye nchi kavu, watu walihama ndiyo, wakajenga, wakapata shule na zahanati, ila mashamba na nyavu zao zilibaki bondeni na waliendelea kushuka kila msimu kukaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo shambani. Sio kwamba walikuwa wabishi, chakula kiko kule.

Mimi uvuvi nimeujulia kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye mpaka leo anavua. Mbagala tunapanda basi la asubuhi pale Rangi Tatu, ukifika Ikwiriri unachukua bodaboda, mwisho wa bodaboda ni mguu. Mjomba hana mambo mengi, ana mtumbwi wa gogo moja, pondo la kusukumia sehemu fupi, kafi la sehemu za kina, na nyavu zake za kutega ambazo anazishona mwenyewe zikitoboka. Jioni anazitandaza pembezoni mwa matete, sio katikati, maana anasema samaki usiku anatembea ukingoni kutafuta chakula. Maboya yake ni vipande vya ndala zilizochakaa, vizito vyake ni udongo uliochomwa. Alfajiri kabla jua halijachoma tunakwenda kuzipakua.

Kazi ya kupakua ni ya kuitazama kwa karibu kidogo, maana wanaokula samaki mjini hawaijui. Perege anatoka kirahisi, unamsukuma kwa mbele wavu unavuka mapezi anatumbukia ndani ya mtumbwi. Kambale anajizungushazungusha usiku kucha mpaka wavu umekuwa kamba, inabidi umfungue taratibu, na ni mtelezi huyo. Mwenye kazi ni ngogogo. Ngogogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mapezi ya mbele, na akishashikwa anaifunga imesimama kabisa hailali, ukimvuta wavu unachanika na mkono unachanika, na kidonda chake kinauma mpaka jioni. Mjomba anamshika kichwani na vidole viwili, anaubonyeza ule mwiba pale kwenye shina, anauzungusha kidogo kurudi nyuma, unalala, anatoa uzi mmoja mmoja, huku samaki analia ng'o ng'o ng'o mkononi. Nimejaribu sana kumuiga, mimi nikitoa mmoja yeye ameshatoa rundo. Na muda wote huo jicho lake moja liko kwenye maji, kwasababu ya mamba. Hatii mkono kwenye maji zaidi ya inavyohitajika, hasimami ukingoni amegeuza mgongo, na kiboko akisikika anapumua karibu tunaacha wavu tunaondoka, wavu utafuatwa mchana. Kila kijiji cha bondeni kina mtu aliyechukuliwa na mamba, hii wala sio hadithi ya kutishia watoto.

Kuna na migono, na hii kwangu ndo akili kubwa ya bondeni. Mgono ni mtego wa kusuka kwa fito nyembamba, umechongoka nyuma, mdomoni una koo linaloelekea ndani, samaki anaingia ila kutoka anachomwa na zile ncha. Maji yakiwa yanashuka wanaziba mfereji kwa uzio wa matete wanaacha matundu, kila tundu lina mgono. Samaki anayetaka kurudi mtoni anaingia mwenyewe. Ila wazee hawakuwa wanaziba mfereji wote, na hawakuwa wanaziba mapema. Maji yakiwa yanapanda mfereji hauguswi, ni marufuku, unawaacha wapite wakazae, unategea wakati wa kushuka tu, tena unaacha njia. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa barua na mtu wa idara, kila ziwa lilikuwa na wenyewe, wanajulikana, na mgeni akija anakwenda kwa mzee wa ziwa kwanza, anapiga hodi, anaelezwa utaratibu.

Samaki wakifika ufukweni kazi inakuwa ya akina mama kwa kiasi kikubwa. Wachache wanauzwa wabichi hapo hapo kwa bodaboda wenye matenga na barafu, ila ziwa liko mbali na joto ni kali, kwahiyo wengi wanapasuliwa, wanaoshwa, wanapangwa juu ya kichanja na moshi unapita chini siku nzima. Shangazi anageuza samaki kwa mkono bila hata kushtuka. Kuni zinachaguliwa, zikitoa moshi mchungu samaki anakuwa mchungu na mteja wa Dar hatarudi. Kambale mkavu wa namna hii akipikwa na nazi, akaachwa achemke mpaka mafuta yapande juu, na ugali wa mahindi mapya ya mlau pembeni, sijakula mboga nyingine inayoifikia hiyo, na nasema hivi nikiwa nimekula samaki wa Mwanza na wa Mafia.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma. Samaki wamepungua. Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni wavuvi wenyewe, uvuvi haramu, na sibishi, upo. Kuna makokoro yanaburuta ziwa zima na kukomba mpaka vitoto, kuna vyandarua vya mbu vilivyogeuzwa nyavu, kuna watu wanatwanga utupa, ule mmea wa sumu, wanamwaga kwenye vidimbwi mpaka kila kitu kinaelea, hata vyura. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza sumu na zinakataza zana hizo na mimi niko upande wa sheria kabisa, anayemwaga sumu ziwani anawaibia wajukuu zake. Watu nao wameongezeka, barabara imekuja, barafu imekuja, soko la Dar halishibi. Yote ni kweli. Lakini hilo ni nusu ya jibu, na nusu nyingine ni maji yenyewe. Kila mara nikisikia kikao cha samaki wa Rufiji kinaanzia kwenye matundu ya nyavu na kuishia kwenye matundu ya nyavu najiuliza, hivi hakuna aliyemuuliza mvuvi ziwa lake lilijaa lini mara ya mwisho?

Safari moja nilimkuta mjomba amekaa nje anashona wavu, nikamwamkia, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, mama'ko hajambo, hajambo, nikamuuliza habari za ziwa. Akanijibu hata hajainua kichwa: "Ziwa halijanywa maji mwaka huu. Hao unaowaona ni wa mwaka juzi, tunawamalizia." Kila mtu anayepanga mambo ya mto huu angetakiwa aisikie sentensi hiyo.

Maana sasa mto una mlango. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, pale pale kwenye korongo la Stiegler, mkataba ulisainiwa Desemba 2018, likaanza kujazwa maji Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawasha umeme mwanzoni mwa 2024, na likiwa na mitambo yote tisa ni megawati 2,115. Mimi sio mpinga umeme. Nimesoma kwa kibatari, nafurahi kuona taa, na nchi inauhitaji. Lakini tuelewane bwawa la umeme linafanya nini kwa mto. Linachukua maji ya masika linayaweka, halafu linayatoa kidogo kidogo mwaka mzima kwasababu umeme unatakiwa kila siku. Maana yake chini huku kiangazi mto unakuwa na maji mengi kuliko zamani, na masika unakuwa na machache kuliko zamani. Kwa mtu wa mjini hiyo inaonekana ni neema. Kwa kambale ni balaa, kwasababu yeye hahitaji maji ya wastani mwaka mzima, anahitaji maji ya kuvuka kingo kwa wiki kadhaa, wakati wa joto, yapande taratibu na yashuke taratibu.

Na kuna la pili linalosahaulika, ni udongo. Lile tope jekundu lililokuwa linakuja bondeni sasa linatulia kwenye bwawa. Maji yanayotoka chini ya bwawa ni meupe, na mto ukikosa udongo wa kubeba unaanza kula kitanda chake wenyewe, unachimbika. Mto ukishachimbika mlango wa mfereji unabaki juu, sasa hata yakija maji ambayo zamani yangeingia ziwani leo yanapita chini yake tu yanakwenda baharini. Hili halionekani mwaka mmoja, linakuja polepole, na kwa hilo naliogopa zaidi. Huko baharini nako deltani kamba wanategemea maji haya haya na matope haya haya kwenye mikoko, lakini hao wana watetezi wengi kwasababu kamba ni biashara kubwa. Perege wa Ruwe nani anamtetea?

Nitajibiwa na mafuriko ya 2024, kwamba mbona maji yalikuja tena mengi. Yalikuja kweli, Aprili 2024 Rufiji na Kibiti watu waliteseka, mashamba yalikwenda, wapo wananchi waliosema ni maji ya bwawani na serikali ikasema ni mvua za El Niño na kwamba bila bwawa ingekuwa mbaya zaidi. Mimi siingii kwenye ubishi huo. Ninachosema ni kwamba mafuriko makubwa ya ghafla mara moja kwa miaka kadhaa sio mbadala wa maji ya kawaida ya kila masika. Hayo makubwa yanabeba nyavu, nyumba na mbegu kabla hata hujafikiria samaki, na baada yake ukakaa miaka mitatu maji hayavuki kingo basi hata neema yake imeisha.

Na hili sio jambo la kuanza kubuni leo. Afrika Kusini kuna bwawa la Pongolapoort, chini yake kuna bonde lenye maziwa kama yetu na wavuvi kama sisi, na kuna utaratibu wa kuachia maji mengi kwa makusudi ili yale maziwa yajae. Kwenye mto Senegal, bwawa la Manantali lililoko Mali nalo liliwahi kutumika kuachia mafuriko ya kupangwa kwa ajili ya wakulima na wavuvi wa bondeni. Hapa hapa kwetu tumeona Ruaha Mkuu, mto uliokuwa unapita mwaka mzima, tangu miaka ya tisini unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwasababu huko juu kila mtu alichukua maji yake bila kumuuliza wa chini. Mfano wa ubaya tunao na mfano wa uzuri upo, kuchagua ni kwetu.

Ninachokiomba kinaeleweka na kinawezekana. Miaka ambayo bwawa limejaa vizuri, maji yaachiwe masika kwa kiwango cha kufikisha maziwani bila kuzamisha nyumba, na kiwango hicho kitafutwe na wataalamu wakiwa wamekaa na wazee wa maziwa, maana wao ndo wanajua mfereji gani unaingiza maji mapema na upi unachelewa. Mifereji iliyojaa magugu isafishwe na vijiji vyenyewe, vikundi vya usimamizi wa uvuvi vipo na vinaweza. Wakati maji yanapanda, mfereji usitegwe, turudi kwenye ile sheria ya wazee na iandikwe kwenye sheria ndogo za kijiji ili afisa uvuvi naye awe na pa kusimamia. Na jamani wenye mabwawa ya kufuga, sato wa kufugwa asiingizwe maziwani kwa kisingizio cha kuongeza samaki, yule anazaliana na perege wetu wa asili na baada ya muda huna perege tena, una chotara.

Halafu taarifa. Ratiba ya kuachia maji inatakiwa ifike dungu la mwisho, kwa simu, kwa redio, kwa mwenyekiti wa kitongoji, na itaje mambo matatu: mwezi gani, kwa wiki ngapi, na yatapanda mpaka wapi. Mjomba akijua hayo matatu kabla ya mwezi wa pili, anajua kama mwaka huu asuke migono, ahamishe mbegu na kupandisha mtumbwi, au apande juu mapema akalime ufuta wake.